Dakika kumi za Uzi

Fomu ya tathmini ya binti mmoja wa programu yetu ilikuwa na kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa pili, chini ya maneno "Ukuaji wa imani", mwalimu wetu wa Biblia alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: "Bado anatawaliwa na hofu. Alishindwa zoezi la kuvuka." Chini palikuwa na nafasi mbili za saini, ya mwalimu na ya mratibu. Mwalimu alishasaini. Mratibu ni mimi. Fomu ilikuwa iende Singida kwa mchungaji wa binti huyo, ambaye usharika wake ulichanga nusu ya ada ili aje Unguja kusoma Neno na kuishi nje na wenzake kwa majuma matatu.

Nilikaa na karatasi ile usiku kucha. Naandika kisa hiki kwa ajili ya wanaoendesha programu kama yetu, na kwa wazazi na wachungaji wanaotukabidhi watoto wao. Jina la programu sitalitaja, wala la mtu yeyote. Waliokuwepo watajitambua, na mimi ni mmoja wao.

Tulikuwa na wanafunzi 14, wote wamemaliza kidato cha sita na wanasubiri kuingia chuo. Wengi walitoka bara: Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya, wawili Mwanza, mmoja Dar es Salaam. Mmoja alikuwa mtoto wa hapa hapa visiwani, kijana wa Wete, Pemba. Ilikuwa Agosti, kusi inavuma, usiku baridi kuliko wageni wanavyotarajia. Simu zilitiwa kwenye kapu Jumapili jioni na kutolewa Jumamosi. Adhana ya alfajiri kutoka msikiti wa jirani ndiyo iliyokuwa kengele yetu. Ikisikika, kila mmoja anatoka na Biblia, daftari na kanga au shuka ya kujitanda, anatafuta mahali pake, na hakuna kusema neno mpaka jua litoke. Baada ya hapo chai na mihogo ya kuchemsha, darasa la saa mbili, kisha zoezi la nje. Jioni tunakaa duara na kila mtu anasema siku ilivyompitia.

Watu wakisikia programu ya namna hii hufikiria mahema na nyimbo tu. Kazi kubwa ya kumfunza mtu, kwa macho yangu, hufanyika kwenye masufuria. Siku ya nne malengelenge yameshatoka miguuni, usingizi hautoshi, na zamu ya kuosha vyombo inafika. Hapo ndipo unamwona mwenye sala ndefu akipotelea chooni, na yule asiyesema darasani akiokota sufuria la pili bila kuambiwa. Binti wa Singida alikuwa wa kuokota sufuria la pili. Naliweka hili mapema kwa sababu fomu haikuwa na sehemu ya kuliandika.

Jumapili ya kwanza tulikwenda kusali Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Jioni tukaenda Mbweni, walikokaa watu waliokombolewa utumwani. Bibi yangu amezikwa huko. Katikati ya juma tukaingia msitu wa Jozani, tukatembea chini ya miti kimya kimya huku kima punju wakituangalia kutoka juu. Juma la pili tukahamia Unguja Ukuu, mji wa kale uliokuwa ukifanya biashara ya bahari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sheha, kiongozi wa eneo lile, alitupa ruhusa ya kupiga mahema, akatutakia heri na kutuomba mambo mawili: wasichana wajisitiri wakipita kijijini, na tusiimbe wakati wa adhana. Akatupa na mzee mmoja mvuvi wa kutuongoza kila tunapogusa maji.

Kisa chenyewe kilitokea siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Kwa mtu wa pwani maneno hayo yanatosha. Kwa wa bara nieleze: mwezi ukiwa mpevu au mchanga, bahari huwa na bamvua, hupwa mbali sana na hujaa juu sana. Katikati ya vipindi hivyo ndiyo maji mafu, bahari inapanda na kushuka kwa unyonge. Katika siku za bamvua hapa Unguja, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa kabisa karibu na saa kumi alasiri. Na siku hizo tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita nne.

Uzi ni kisiwa kilicho kusini ya Unguja Ukuu, chenye vijiji viwili, Uzi na Ng'ambwa. Njia ya kwenda huko, kama tulivyoikuta sisi, ilipita katikati ya mikoko, na bahari ikijaa ilifunikwa. Maji yakipwa ulipita kwa miguu, baiskeli au gari. Maji yakijaa ulisubiri, au ulitafuta mtumbwi. Wenyeji walikuwa wakipanga harusi, mazishi, soko na safari za wagonjwa kwa kufuata maji hayo.

Tulivuka saa tatu asubuhi, miguu mikavu. Mzee alisema mbele ya wote, "Kurudi, saa sita isitukute huku. Tuwe tushaingia njiani." Tukaitikia. Tukakaa chini ya miti upande wa Uzi, mwalimu akafungua Mathayo 14, Petro akitembea juu ya maji.

Lazima niseme kweli: somo lile lilikuwa zuri. Mwalimu huyu ni hodari. Aliwapeleka vijana kwenye dimbwi la maji ya magotini, wakasimama pekupeku wamefumba macho, yeye akisoma polepole habari za ule upepo na ile zamu ya nne ya usiku. Baadhi walilia. Mimi mwenyewe niliguswa. Ilipofika saa sita kasoro robo mzee alinyanyuka, akakung'uta kikoi chake, akasogea.

"Mwalimu, maji yashageuka zamani."

"Mzee wangu, tupe dakika kumi tu."

Alirudi tena, akapewa dakika kumi nyingine. Mara ya tatu hakusema kitu, alisimama tu akiangalia mikoko. Tuliondoka saa saba kasoro dakika kumi.

Mwanzoni maji yalikuwa ya vifundo vya miguu na vijana walicheka, wakasema Mungu ametupangia somo la vitendo. Walipoimba, mwalimu aliimba nao. Tukiwa katikati, maji yalifika magotini, kisha mapajani kwa wafupi, na yakaanza kuvuta. Maji yanayoingia kwenye mikoko hayasimami, yana mwendo wake, yanakata njia kwa ubavu. Chini huoni unapokanyaga. Mzee alikuwa mbele na kundi la kwanza, mwalimu katikati, mimi nyuma.

Binti wa Singida alisimama. Alishika mkono wa mwenzake kwa nguvu mpaka yule akalia.

"Mwalimu, sijui kuogelea."

Mwalimu aligeuka. Alikuwa hatua kumi hivi mbele yake. Akamwambia, kwa sauti ya upole, asitazame maji, amtazame Yesu.

"Mwalimu, sijui kuogelea."

Akamwambia Petro alizama alipoangalia upepo.

"Sijui kuogelea, Mwalimu. Siendi."

Mimi nilikuwa nyuma yake, nimemshika begani, na sikusema neno. Mzee ndiye aliyerudi kutoka mbele, anakata maji kwa haraka ambayo sikudhani mtu wa umri wake anayo. Alimtazama binti, akatazama urefu wa kila mmoja aliyekuwa nyuma, akasema, "Huyu arudi. Na huyu, na huyu, na huyu, na wewe. Mbele pana shimo la mkondo, hawa yatawafika kifuani." Hakumuuliza mwalimu. Akaniambia mimi, "Bi mdogo, warudishe Uzi. Nenda nyumba ya pili baada ya msikiti, mwambie mke wa ndugu yangu nimekutuma." Yule kijana wa Wete alijitoa kwenye kundi la mbele akarudi nasi bila kuambiwa, akatangulia kwa fimbo akipima chini. Wengine walivuka salama, maji yamewapita kiuno.

Tulirudi saba: wasichana wanne, mvulana mmoja wa Dodoma, kijana wa Wete, na mimi.

Hesabu ya maji

Baada ya siku ile nilikaa na karatasi nikafanya hesabu ambayo wavuvi hawahitaji kuifanya, maana wanayo mwilini. Maji hujaa kwa muda wa saa sita na kidogo, lakini hayapandi kwa mwendo mmoja. Ukigawa kimo chote cha kujaa mafungu 12, saa ya kwanza huleta fungu moja tu, saa ya pili mafungu mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Ni kanuni ya kukadiria, ila mabaharia wengi wameitumia na inatosha kukuonyesha hatari ilipo. Saa moja na nusu ya mwanzo inakudanganya. Unatazama bahari, unaona haina haraka.

Siku ile maji yalipwa kabisa karibu saa nne na robo. Kwa hiyo saa sita, aliyoitaja mzee, ilikuwa mwisho wa ule mwendo wa polepole. Tuliondoka katikati ya saa ya tatu. Tukichukua bamvua la mita tatu na nusu, saa hiyo peke yake hupandisha karibu sentimita 90, yaani kila dakika kumi sentimita 15. Zile dakika hamsini tulizochelewa zilikuwa na maji ya kumfikisha mtu kutoka kifundo cha mguu mpaka paja kabla hajaanza hata safari.

Nilifanya hesabu nyingine, iliyoniuma zaidi. Fomu yetu ya kujiunga iliuliza dhehebu, tarehe ya ubatizo, mzio wa chakula, na jina la mchungaji. Haikuuliza kama mtu anajua kuogelea. Nilipowauliza vijana wote mmoja mmoja, kumi kati ya 14 hawakujua. Waliojua ni wale wawili wa Mwanza, yule wa Dar es Salaam na kijana wa Wete. Tuliwaleta watu kumi wasioelea kwenye kisiwa chenye bamvua, na tulijua nani kabatizwa kwa maji mengi na nani kwa maji machache.

Nilivyonyamaza

Mimi ni mzaliwa wa Unguja. Nimekulia Mbweni, nimeokota chaza na kukimbia maji tangu nikiwa skuli ya msingi. Mzee aliposema maji yameshageuka, sikuhitaji tafsiri. Niliona mikoko ikianza kuingia maji miguuni. Niliona pia yule kijana wa Wete ananitazama, na nikakwepa macho yake. Alikuja kuniambia baadaye, "Dada, nilidhani ukinyamaza wewe ni kwamba ipo sababu."

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu aliyekuwa amesimama ni mtumishi, na Biblia imefunguliwa mkononi, na vijana wanalia. Katika makanisa yetu tumefundishwa kwamba kumkatiza mtumishi akiwa katikati ya Neno ni kumkatiza Roho. Hakuna aliyeniandikia hivyo popote. Nimeinywa hivyo tu tangu utotoni. Na mzee, pamoja na kwamba sheha alimkabidhi sisi kwa jambo hili hasa, mbele ya mtumishi alionekana ni mtu wa kubeba ndoo. Hatukuwa tumeamua nani ana neno la mwisho majini. Lisipoamuliwa kabla, anayelichukua ni mwenye sauti kubwa au mwenye cheo, na siku ile vyote viwili vilikuwa kwa mtu mmoja aliyetoka kwenye nyanda za juu.

Mwalimu, tulipozungumza usiku wa pili, alijitetea, na utetezi wake nauandika kwa haki. Alisema hakuna aliyefariki. Alisema vijana waliovuka wameshuhudia mambo makubwa, na kijana mmoja wa Iringa alisema ni mara ya kwanza maishani kujiona jasiri. Alisema programu isiyo na hofu hata chembe ni pikiniki, na kama tunataka pikiniki tusiwachangishe watu wa Singida.

Hilo la mwisho nakubaliana naye kabisa. Siku chache kabla yake, usiku, tulimpeleka binti mwingine kutembea gizani mwendo wa dakika ishirini. Alikuwa anaogopa giza tangu utoto. Alitetemeka, tukamshika mkono, akafika, na furaha yake naikumbuka hadi leo. Lakini njia ile tuliikagua mchana, hapakuwa na kitu cha kumdhuru. Hofu yake ilikuwa kubwa kuliko hatari, ndiyo maana tulikuwa na haki ya kumsukuma kidogo. Kule Uzi mambo yalikuwa kinyume: hatari ilikuwa kubwa kuliko hofu. Waliokuwa wakiimba ndio waliokuwa hawajui walipo. Binti wa Singida peke yake ndiye aliyekuwa anaisoma bahari sawasawa, na huku hajawahi kuiona kabla ya Agosti ile.

Na hii elimu ya nje yenyewe, ukiifuata nyuma, hailingani na tulichofanya. Kurt Hahn, mwalimu wa Kijerumani aliyekimbilia Uingereza, alisaidia kuanzisha skuli ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, mwaka 1941, wakati wa vita. Sehemu kubwa ya nia ilikuwa kuwafunza mabaharia vijana namna ya kubaki hai meli yao inapozamishwa baharini. Ilianza, basi, kwa kumfundisha mtu maji kabla maji hayajamfika.

Hapa visiwani nani asiyejua? Septemba 2011 ilizama meli ya abiria ya Spice Islander ikielekea Pemba, Julai 2012 ikazama Skagit. Kuna nyumba ambazo mpaka leo mtu akichelewa bandarini hakuna anayekula. Sitaki kumsikia mtu akisema hapa kwamba kuogopa bahari ni upungufu wa imani.

Lile andiko lenyewe

Kilichonikosesha usingizi zaidi ni Petro. Nilirudi kwenye Mathayo 14 peke yangu, nikasoma kana kwamba sijawahi kuisoma.

Petro alikuwa mvuvi. Ziwa lile alilijua. Hakuna aliyemwambia ashuke: yeye ndiye aliyeomba, "niamuru nije kwako juu ya maji," na jibu likawa neno moja, "Njoo." Wale wanafunzi wengine walibaki chomboni, na hakuna mahali Bwana anapowakaripia kwa kubaki. Kisha Petro anazama, anapiga yowe, na andiko linasema "mara" Yesu akanyosha mkono akamshika. Maneno ya "imani haba" yanakuja baada ya hapo. Petro alikaripiwa akiwa ameshikwa tayari. Mkono ulitangulia, karipio likafuata. Sisi tulimpa binti karipio kutoka hatua kumi, na mkono tukamwachia mvuvi Mwislamu aje nao kutoka mbele.

Na yupo mwingine katika Injili hiyo hiyo, sura ya 4, aliyempeleka mtu mahali pa hatari akamnukulia zaburi ajitupe. Alijibiwa, "Usimjaribu Bwana Mungu wako." Sisemi mwalimu wetu ni huyo, hasha. Ninasema andiko lile lipo ili kila anayeshika Biblia karibu na ukingo ajiulize anaisoma kwa ajili ya nani. Dakika ile andiko lilikuwa linalipa deni la kuchelewa kwetu, na mlipaji alikuwa msichana wa miaka 19.

Kama nilitaka andiko la bahari lililotufaa, lilikuwepo, Matendo 27. Paulo aliwaonya wasiondoke; akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu. Kwa kawaida sisi wahubiri tunaipenda sehemu hiyo kwa sababu mtu wa Mungu ndiye aliyekuwa sahihi. Lakini Paulo hakuwa mgeni wa bahari: katika barua yake ya pili kwa Wakorintho anasema alishavunjikiwa na jahazi mara tatu. Alisema kama mtu aliyelowa. Na merikebu ilipokwama, watu 276 ndani yake, waliojua kuogelea waliambiwa wajitupe kwanza, waliosalia wakapewa mbao na vipande vya merikebu. Hakuna aliyewahubiria wasiojua kuogelea. Walipewa mbao. Wote wakafika pwani.

Usiku wa Uzi

Mke wa ndugu yake mzee alitupokea tukiwa tunachuruzika maji. Hakuuliza sisi ni nani. "Ingieni, wanangu, vueni hizo zilizorowa," akatoa kanga kavu kutoka kwenye sanduku, kanga za akiba zenye harufu ya karafuu. Kwa sheha akatumwa mtoto. Maji yangepwa tena karibu saa tano usiku, lakini mwenye nyumba alikataa tuvuke gizani, akasema walioko upande wa pili wameshapelekewa habari. Vijana wa kiume walilazwa kwa jirani.

Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Binti hakula mpaka yule mama alipokaa kando yake akamwambia, "Kula, mwanangu. Mimi nimezaliwa hapa na bamvua siliingii. Bahari haishi zinge." Baada ya Isha alitufagilia chumba cha mbele, akatandika mkeka mpya, akasema, "Na nyinyi salini, msije mkalala hivi hivi." Akatoka akafunga mlango.

Tulisali. Yule mvulana wa Dodoma alisoma habari za watu wa Melita walivyowawashia moto waliovunjikiwa na merikebu, kwa sababu ya mvua na baridi. Binti aliomba kwa sentensi moja tu: alimshukuru Mungu kwa sababu yule mzee aligeuka nyuma.

Ng'ambo ya pili, nilikuja kuambiwa, duara la jioni lilikuwa la shangwe. Waliovuka walitoa ushuhuda. Wimbo wa Bahari ya Shamu uliimbwa. Asubuhi tuliporudi na miguu mikavu tulipokewa kwa upendo, na kwa lile jicho la kuwahurumia walioshindwa. Siku tano zilizobaki binti hakusema neno kwenye duara. Aliosha masufuria.

Nikamwomba mwalimu afute sentensi zile. Alikubali kufuta "alishindwa", akakataa kufuta "hofu". Nikamwomba basi aseme mbele ya vijana kwamba tulichelewa kwa sababu yetu. Alisema kufanya hivyo ni kuwavunjia imani wale waliovuka. Sikuweza kumlazimisha. Tukaagana kwa heshima, na programu iliyofuata hakuja.

Ila mimi sikuhitaji ruhusa yake kusema la kwangu. Jioni ya mwisho niliwaambia vijana wote kwamba nilijua maji yamegeuka na nikanyamaza, na kwamba aliyesema kweli siku ile kwa sauti alikuwa mwenzao mmoja, mara tatu, na mzee wetu mara tatu kabla yake. Palikuwa kimya. Yule wa Iringa aliinua mkono akauliza kama basi ushujaa wake ulikuwa si kitu. Nikamjibu kwamba ulikuwa kitu, na kwamba haukuwa na haki ya kumgharimu mtu mwingine. Sina hakika kama nilimjibu vizuri.

Kisha fomu. Niliandika upya ukurasa wa pili kwa mkono wangu: "Alisema mara tatu kwamba hajui kuogelea. Viongozi hatukumsikiliza. Alifanya uamuzi sahihi chini ya shinikizo, na wenzake wanne walirudi salama kwa sababu yeye alisimama. Hufanya kazi ya jikoni bila kuambiwa." Mwalimu hakusaini. Ikaenda na saini moja.

Programu iliyofuata tulibadilisha mambo machache. Fomu inauliza kuogelea, swali la kwanza kabisa. Siku mbili za mwanzo, ambazo sasa tunazipanga ziangukie maji mafu, ni za kujifunza kuelea, wasichana na mwalimu wa kike, kwa nguo za stara, kama walivyokwishafanya wengine kule Nungwi. Na majini neno la mwisho ni la mzee. Akisema twende, Biblia inafungwa hata kama ni katikati ya aya.

Mchungaji wa Singida alinipigia simu wiki mbili baada ya kuipata ile fomu. Hakuuliza juu ya saini. Aliniomba namna ya kumfikishia salamu yule mzee na ile nyumba ya Uzi, na baadaye usharika ukatuma karanga na debe la asali ya Singida kwa basi na boti mpaka Unguja. Nilizipeleka mwenyewe, saa tatu asubuhi, maji yamepwa. Mzee alionja asali kwa kidole, akauliza habari za binti. Nikamwambia ameanza chuo Dodoma.

"Mwambie aje likizo," alisema, "ila aje siku za maji mafu. Binti yangu atamfundisha kuelea."

Kisha akatazama mikoko, akaniambia ninywe chai haraka.